Uyoga wa Chumba cha Mama Mkwe

Ayotzin, 14 Juni 1993

Shangazi yangu Hermelinda,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kutoka kwa mume wangu, aliyesimama nyuma ya kiti changu akisoma kila ninachoandika. (Nimemfukuza. Ameondoka anacheka.) Natumaini uko mzima huko Puebla, na miguu haivimbi tena kwa kusimama jikoni. Huku hatujambo. Mama hajambo, kaka zangu hawajambo, na yule jogoo uliyetuletea harusini hajambo, anawika saa zote isipokuwa alfajiri.

Shangazi, mbona hukuniambia? Mbona hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba kuolewa ni hivi? Naamka naliona bega lake, nasema moyoni, hili ni langu. Nikisaga mahindi nalitaja jina lake, Odilón, Odilón, jiwe likienda, jiwe likirudi. Leo asubuhi amekula tortila tisa za mahindi na maharage, halafu akaniuliza kama nimechoka. Mimi nichoke!

Sasa kazi yetu, maana harusini uliondoka mapema hukuiona. Unajua kahawa ilivyoanguka bei. Wengine wameacha matunda yaoze mtini. Binamu yake, Gaudencio, anakwenda kaskazini kuvuka mpaka aingie Marekani mara tu baada ya Sikukuu ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, na anamvuta Odilón aende naye. Lakini Odilón ameniahidi, mikono yangu ikiwa ndani ya mikono yake: uyoga ukitulisha na kuuzika mpaka Sikukuu ya Wafu, haendi popote. Ukishindwa, ataondoka na Gaudencio. Basi niombee uyoga, shangazi!

Tunaulima katika chumba cha nyuma, kile cha kuta za mawe alichofia mama mkwe mwaka juzi, kwa kuwa kina giza na ubaridi. Maganda ya kahawa, yale tuliyokuwa tunayamwaga mtoni yananuka, tunayaloweka, tunayapika kwa mvuke ndani ya pipa, tunayatandaza yapoe. Kisha tunanawa mikono kama mapadri, tunachanganya na mbegu, ambayo ni ngano iliyovaa utando mweupe, tunashindilia kwenye mifuko ya nailoni na kuitundika. Mfuko unageuka mweupe polepole, kama mtu anayezeeka kwa raha. Mwalimu wa ushirika anasema uyoga huu unajenga mwili kama nyama, na nyama hapa tunaiona harusini tu.

Jirani yetu, Mama Ocotlán, alinisimamisha kisimani. "Ee, bi harusi! Wenzenu wanafuga nguruwe, ninyi mnafuga ukungu?"

"Ndiyo, mama."

"Na huo ukungu mnaulisha nini?"

"Mapenzi, mama."

"Mapenzi!" akasema. "Mapenzi yangekuwa yananenepesha, mimi nisingepita mlangoni."

Utakuja lini utuone?

Mwanao mwenye furaha kuliko wote,
Columba


Puebla, 9 Julai 1993

Mwanangu Columba,

Marahaba, na ya mumeo pia. Miguu inavimba kama kawaida yake. Hapa bwenini wasichana ni wengi kuliko mwaka jana na sufuria ni zilezile. Mpe mama yako salamu, mwambie dawa ya kifua nimeipata, nitaituma na mtu.

Barua yako niliisomea jikoni. Wasichana wanaoosha vyombo walitaka niisome kwa sauti. Nikawasomea mahali pa jogoo, mahali pa bega nikaparuka.

Uyoga huo naujua, unaletwa sokoni hapa. Usiuoshe, unakunywa maji kama mlevi. Ufute kwa kitambaa. Uchane kwa vidole kufuata nyuzi zake, usiukate kisu. Mafuta kidogo, kitunguu, pilipili kavu iliyochomwa. Utatafuna utasema kuku.

Kuhusu ile ahadi. Ahadi yenye sharti ina mlango wa nyuma. Sisemi mumeo ni mtu mbaya, nimemwona, ana macho mazuri. Nasema tu usimwonyeshe mwanamume kwamba yeye ndiye mbingu yako nzima. Mbingu hazijui kukaa mahali pamoja.

Umeuliza nitakuja lini. Kazi ni nyingi.

Shangazi yako,
Hermelinda


Ayotzin, 29 Agosti 1993

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Dawa ya mama imefika, kifua kimelegea, anakubariki. Mvua huku haikati, njia yote ni tope, lakini mimi hata tope naliona zuri kwa sababu Odilón hunibeba mgongoni kwenye kijito mbele za watu, na watu wanazomea, na yeye hajali!

Shangazi, umetoka! Uyoga umetoka! Tulipasua mifuko kwa wembe, siku zilizofuata pale penye mpasuko pakachomoza vichwa vidogo vya kijivu kama vifungo vya shati, na kufumba na kufumbua vikawa masikio, masikio makubwa yamepangana, utadhani ukuta mzima unatusikiliza. Odilón alinishika kiuno tukacheza mle chumbani bila muziki.

Lakini baba mkwe, Mzee Cirilo, alikataa. Alikaa kwenye kigoda chake akageuzia sahani mgongo.

"Baba, onja tu," nikamwambia.

"Mimi nimekula konokono wakati wa njaa," akasema. "Nimekula nge mmoja, kwa bahati mbaya. Lakini kitu kilichoota kwenye taka za kahawa, ndani ya chumba cha marehemu mke wangu, hapana."

"Mama angekula," akasema Odilón.

"Mama yako alikuwa anakula chochote ukimpa wewe. Ndiyo maana umeharibika."

Nilikuwa nimepika kama ulivyonielekeza. Harufu ya pilipili ikamzunguka yule mzee. Akageuka kidogo. Akachukua kipande kimoja kwa tortila, "nikufurahishe tu, mkwe wangu." Alimaliza sahani yake, akamaliza yangu, halafu akauliza kwa ukali, "Na kesho mnapika nini?" Odilón alikula sahani tatu akalamba mchuzi kwa kidole.

Jumapili tuliupeleka sokoni umefungwa kwa majani mapana. Ulikwisha kabla ya misa. Hata Mama Ocotlán alinunua, akasema ni wa mbwa wake, na mbwa hana.

Mifuko mipya inajaa dari nzima. Tutakaa, shangazi. Hatakwenda! Kuna jambo dogo tu: Odilón anauliza kama unayo anwani ya mumeo, Bwana Celso, huko kaskazini. Si kwa ajili yake! Ni Gaudencio anayetaka kujua watu wanafikia wapi.

Mbona hujajibu kuhusu kuja?

Columba wako


Puebla, 24 Oktoba 1993

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya Agosti imenifikia juzi. Wanasema mlima uliporomoka ukafunga barabara na mifuko ya posta ikalala huko. Sijui hii nayo itakufikia lini.

Nimefurahi kwa uyoga. Nimefurahi kwa Mzee Cirilo, alikuwa hivyohivyo hata ujanani.

Anwani ya Celso sina.

Hapa tumempata mpishi msaidizi mpya, anakata vitunguu huku analia na kuimba kwa pamoja. Ananichangamsha.

Jambo moja la jikoni, ulitilie maanani. Sikukuu inakuja na najua madhabahu zenu za marehemu zinavyojaa vyakula. Msiweke mkate wala mahindi karibu na mifuko yenu. Mwaka jana hapa mkate ulisahaulika kabatini ukaota unga wa rangi ya chungwa, na kabla hatujajua, ule unga ulikuwa umepeperuka umeingia kila kitu. Kuvu wana vita vyao wenyewe, na yule wa mkate anakimbia kuliko wote. Mifuko yenu ni myeupe na laini, ni chakula kwake. Wawekeeni wafu meza barazani mwaka huu. Wataelewa.

Hermelinda


Ayotzin, 15 Novemba 1993

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima. Mama mzima. Barua yako ya Oktoba imefika jana.

Nikueleze sikukuu ilivyokuwa, ilikuwa nzuri. Unajua desturi, marehemu hurudi mahali alipokata roho, na hapo ndipo anapotengewa meza. Odilón alisema tuiweke barazani kwa sababu ya mifuko. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilitaka mama yake aingie chumbani mwake akute kuta zote zimechanua, aone mwanawe amefanya nini, aone nimemtunza. Nilimwambia Odilón, mama atoke kaburini aje kukaa barazani kama mgeni? Akaniletea meza.

Nilimwaga petali za maua ya wafu kuanzia njiani mpaka kitandani kwake. Niliweka mishumaa, ubani, tamali za unga wa mahindi, mahindi mapya ya kuchemsha kwa sababu alipenda, na mikate, shangazi, mikate mikubwa ile yenye sukari, niliipanga mpaka juu. Chumba kilikuwa na joto la mishumaa na kilinukia. Mzee Cirilo alikaa mle akiongea na mkewe mchana kutwa. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Tuliiacha meza mpaka wafu wote wamekwisha kwenda zao, kama inavyotakiwa.

Kisha ule unga wa chungwa. Ulianza kwenye mkate wa chini. Nilipofungua mlango asubuhi iliyofuata mifuko yote ilikuwa na rangi hiyo, hata kuta, hata nywele zangu nilipotoka. Tuliizika mifuko kule nyuma ya migomba, Odilón akichimba, mimi nikibeba. Hakunigombeza. Hata neno moja.

Lakini tutaanza upya, mavuno ya kahawa yameanza na maganda ni mengi. Odilón ameshuka mjini kutafuta mbegu. Hajambo kabisa. Anakusalimu.

Jogoo tumemchinja.

Columba


Puebla, 28 Novemba 1993

Columba, mwanangu,

Katika barua zako zote umeniambia Odilón amekula nini. Tortila tisa. Sahani tatu na mchuzi kwa kidole. Barua hii ya mwisho ina kila kitu, ina ubani na mahindi, lakini mumeo hajala hata tonge.

Ameondoka lini?

Huna haja ya kunijibu hilo. Nakuuliza ili ujue kuna mtu anayejua.

Kosa si lako, wala si la mama mkwe wako. Barua yangu ililala mlimani na mikate ikaamka. Ndivyo ilivyokuwa.

Chumbani kwangu hapa bwenini kuna nafasi ya kitanda cha pili. Nimemwuliza mkuu wa bweni, amesema jikoni tunahitaji mtu. Wasichana wa kuosha vyombo wanaulizia kila wiki, "Yule wa jogoo haji?" Njoo kabla ya Krismasi. Usikae kusikiliza mlango. Mimi niliusikiliza mlango wa nyumba yetu miaka miwili baada ya Celso kwenda, mpaka nikawa najua kila sauti ya bawaba zake, kiangazi na masika. Ndiyo maana nilikuja huku, na ndiyo maana huko siji, hata harusini kwenu sikukaa. Si kazi.

Hermelinda


Ayotzin, 20 Februari 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Kila nilipoanza kuandika "sisi hatujambo" kalamu ilikataa ile "sisi".

Aliondoka asubuhi baada ya kuzika mifuko. Alinibusu machoni, akasema, "Nimekuahidi na mambo yamekwenda hivi, Columba, si mimi niliyeamua." Gaudencio alikuwa anapiga honi barabarani. Nilimfungia tamali za njiani. Zilikuwa zile za madhabahu, hatukuwa na nyingine.

Asante kwa kitanda. Sikuja kwa sababu ya Mzee Cirilo. Wiki nzima alikaa kwenye kigoda, halafu siku moja nikamkuta chumbani na ndoo ya chokaa, ileile tunayolowekea mahindi, anapaka kuta na dari kwa ufagio, mweupe hadi kope.

"Unafanya nini, baba?"

"Namwoshea mke wangu chumba," akasema. "Na wewe usisimame tu kama sanamu ya kanisani. Pipa halijichemshi."

Basi tukaanza. Yeye anakoka moto, mimi nashindilia. Mbegu alituletea Mama Ocotlán alipokwenda mjini, akasema aliiona imeanguka njiani. Mtu gani anaangusha mbegu ya uyoga njiani, shangazi? Sasa chumba kimejaa. Kimejaa kuliko alipokuwepo Odilón. Watoto wa shule wanakuja na vibakuli, mwalimu wao ananunua kila wiki kwa ajili ya chakula chao cha mchana. Nakata, nafunga, nauza, na kila ukuta ukichomoza nageuka kumwambia mtu, naye hayupo.

Na barua yake imefika! Nimeilalia. Nimeisoma mpaka mkunjo umekatika. Unajua kazi aliyopata? Anachuma uyoga! Mwisho wa dunia kule, penye theluji, kuna majumba marefu yasiyo na madirisha, rafu juu ya rafu mpaka darini, na watu wetu wanapanda ngazi na taa kwenye paji la uso, wanachuma uyoga mweupe wa mviringo tangu kabla hakujapambazuka. Anasema hauna ladha. Anasema mikono yake inanuka kama chumba chetu na ndiyo maana hapendi kuinawa. Nililia, shangazi, lakini nililia vizuri.

Mwishoni ameuliza: "Chumba bado kitupu?"

Nimemjibu kurasa nne za mapenzi na hilo sikuligusa. Ninapoamini kwamba uyoga ndio uliomwondoa, naweza kulala. Nikimwambia chumba kimejaa na asirudi, haitakuwa uyoga tena.

Unisaidie. Wewe unajua.

Columba


Puebla, 13 Machi 1994

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie Mzee Cirilo chokaa ile inayoua kuvu ilikuwa akili kubwa, na mwambie nimemcheka.

Celso aliniandikia mara mbili tu. Mara ya pili aliuliza kama paa linavuja. Lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Nikamjibu halivuji, sina shida yoyote, afanye kazi kwa amani. Niliona kumwita ni kujidhalilisha. Sasa watu wananiuliza kama aliniacha, na miaka kumi na moja imepita, na sina la kujibu, maana sikumwita kwa hiyo hakukataa.

Mwambie chumba kimejaa. Mwambie arudi, kwa neno hilohilo, rudi, usilifunge kwenye maua.

Jibu lolote litakuuma kidogo kuliko bawaba za mlango.

Hermelinda


Ayotzin, 19 Juni 1994

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, kifua kimepona kabisa. Mzee Cirilo hajambo ila mgongo, na hataki kusikia ukiutaja. Kaka yangu mkubwa amepata binti, wamempa jina langu, masikini mtoto.

Nilimwandikia kama ulivyosema. Niliandika chumba kimejaa, tunakula, tunauza, na wewe nafasi yako ipo. Rudi. Niliandika barua fupi mpaka niliona aibu kuifunga, mimi ambaye bega lake peke yake lilinichukua ukurasa. Niliipeleka posta mwenyewe, nikarudi nikichuma maua njiani kama mtu aliyeposwa leo. Nilifua shati lake. Niliwaambia watu, hata Mama Ocotlán. Akaniambia, "Haya, mwanangu," tu, hakutania. Pale ndipo nilipopaswa kujua.

Jibu limefika Alhamisi. Amefurahi sana, shangazi. Amefurahi mno. Amewasomea wenzake wote rafuni, amesema mke wangu amefanya peke yake nilichoshindwa. Ananipenda, nimehesabu mahali alipoandika, pameenea barua nzima, na naamini, kwa sababu Odilón hajui kusema uongo. Anasema alikuwa halali kwa kuwaza tunakula nini. Sasa roho yake imetulia. Anasema kwa kuwa chumba kimejaa na hatuna shida, hana haraka tena, anaweza kukaa mwaka mwingine, pengine miwili, bila wasiwasi.

Niliikunja nikaingia kufanya kazi. Uyoga haungoji mtu, usipokatwa leo kesho kingo zimepinda. Mzee Cirilo akaniuliza mwanawe anasemaje. Nikamwambia anakusalimu, baba. Akakaa na kigoda chake karibu na mlango, akawa ananipokea vikapu bila kuniangalia mpaka ukuta wote ulipokwisha.

Lori la barua linaondoka sasa hivi, sina nafasi ya kuandika zaidi. Kitanda cha Odilón ni kipana na mimi nalala upande mmoja. Mwombe mkuu wa bweni likizo. Uje na sufuria zako.

Ila, shangazi, usiniandikie kwamba ulijua. Njoo tu.

Columba